Mchungaji akitumwa Ujerumani, shule ya watoto ndiyo inayopanga ratiba

Barua ya wito inayotoka kwa shirika la misioni Ujerumani huwa imeeleza habari za mchungaji kwa kirefu: usharika atakaoutumikia, muda wa mkataba, nyumba atakayokaa, semina za kuanzia. Mwenzi wake hupata aya moja. Watoto hupata sentensi: "watoto wataandikishwa shule iliyo karibu." Tumeziona familia za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) zikija na kurudi, na karibu kila mara kilichoamua kama miaka ile itakuwa ya raha au ya kuhesabu siku ni hiyo sentensi moja. Usharika hukuvumilia ukikosea Kijerumani mimbarini. Mfumo wa shule una tarehe zake, na haungoji.

Anza na tarehe ya kusafiri. Tanzania mtoto huanza darasa Januari. Ujerumani mwaka wa shule huhesabiwa kuanzia Agosti 1, lakini siku ya kufungua hutofautiana, kwa sababu majimbo 16 hupishana likizo. Bavaria na Baden-Württemberg hufungua katikati ya Septemba, wakati majimbo ya kaskazini mara nyingi yameshafungua. Fika wiki nne hadi sita kabla ya kufungua. Ukifika Januari mtoto ataingia katikati ya mwaka, wenzake wameshazoeana, na kama yuko darasa la nne amebakiza miezi michache tu kabla ya uamuzi mkubwa tutakaoueleza mbele. Ukiwa na mtoto wa umri huo, ni halali kabisa kumwandikia mkuu wa dayosisi na kuomba safari isogezwe. Wengi huona haya kuomba, kumbe upande wa Ujerumani hiyo ni sababu inayoeleweka mara moja.

Makaratasi ya kubeba kutoka nyumbani: cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili) cha kila mtoto, cheti cha ndoa, ripoti za shule za miaka miwili ya mwisho, hati ya uhamisho, kadi ya kliniki yenye chanjo zote, na cheti cha polisi cha mwenendo mwema kwa wazazi wote wawili. Vitafsiriwe kwa Kijerumani na mtafsiri anayetambuliwa, na nakala zake zikae kwenye begi la mkononi. Visa ya muda mrefu huombwa ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam. Ada ni euro 75 kwa mtu mzima na 37.50 kwa mtoto. Mwenzi kwa kawaida hudaiwa cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani ngazi ya mwanzo. Mtihani wa Goethe-Institut una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kufaulu ni alama 60 kwa 100. Kinachoangusha watu wetu ni kusikiliza. Tunajifunza kwa kusoma, halafu mkanda unazungumza kwa kasi ya tangazo la stesheni.

Majina yaangalieni mapema kuliko kitu kingine chochote. Baba anaitwa Yohana Petro, mama Rehema Elia, mtoto Neema Yohana: kwetu ni familia moja isiyo na utata, kwa Mjerumani ni koo tatu zinazoishi chumba kimoja. Kila ofisi itauliza kwa nini mtoto hana jina la ukoo la mzazi hata mmoja. Hakikisha jina lililoandikwa kwenye pasipoti kama la ukoo ndilo lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Yohana kwenye karatasi moja na Johana kwenye nyingine huzaa barua za miezi. Na siku ya kwanza kabisa kwenye nyumba mpya, bandika majina yote matatu kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele. Tarishi wa Ujerumani hataulizia jirani. Akikosa jina, barua inarudi ilikotoka, na ndani yake pengine mlikuwa na namba ya kodi, kadi ya bima, au miadi ya ofisi ya wageni.

Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, familia nzima hujiandikisha ofisi ya wakazi. Hiyo ndiyo Anmeldung, na bila karatasi yake hakuna kinachotembea: benki, bima, shule, wala kibali. Unahitaji pasipoti, vyeti, na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia. Kama nyumba ni ya usharika, ofisi ya usharika ndiyo inayoiandika. Hapo hapo utaulizwa dini. Ukijibu "evangelisch" (Mprotestanti) na mshahara wako unakatwa kodi ya mapato, utakatwa pia kodi ya kanisa: asilimia 8 ya hiyo kodi ya mapato kule Bavaria na Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Si sadaka, na kapu la Jumapili bado linapita.

Shule ya msingi katika majimbo mengi hufuata anwani, si matakwa ya mzazi. Mtoto wa miaka sita na kuendelea lazima awe shuleni, na kumfundishia nyumbani hakuruhusiwi hata kama mama ni mwalimu mwenye shahada. Shule itataka ushahidi wa chanjo ya surua: sheria iliyoanza Machi 1, 2020 inadai dozi mbili. Watoto wetu huchanjwa surua na rubela wakiwa na miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo kadi ya kliniki inamaliza mjadala, mradi tarehe zinasomeka. Kadi imechakaa? Omba kituo cha afya kikuandikie upya kwa mhuri kabla hujaondoka. Sheria hiyo hiyo inamgusa na mchungaji: anayefanya kazi shuleni, akiwa amezaliwa baada ya 1970, naye anadaiwa ushahidi, na watu wazima wengi hawana kadi yoyote. Dawa yake ni kuchanjwa au kupimwa damu kwa daktari.

Mtoto asiyejua Kijerumani hupelekwa darasa la maandalizi, ambalo kila jimbo linaliita kwa jina lake: Willkommensklasse Berlin, Vorbereitungsklasse Baden-Württemberg, Deutschklasse Bavaria. Hukaa humo mwaka mmoja hadi miwili, huku baadhi ya masomo, hasa michezo, sanaa na hesabu, akisoma na darasa la kawaida. Vijijini mara nyingi darasa hilo halipo, na mtoto hutupwa moja kwa moja darasani na kupewa saa chache za lugha kwa wiki. Ndani ya mwaka atakuwa anapiga kelele uwanjani kama wenzake, na hapo ndipo wazazi hudanganyika. Lugha ya uwanjani ni moja na lugha ya kitabu cha sayansi ni nyingine kabisa. Watafiti wa elimu, akiwemo Jim Cummins wa Kanada, wameonyesha kwamba hiyo ya pili huchukua kama miaka mitano hadi saba. Anayeongea vizuri lakini anapata alama mbaya kwenye maswali ya maneno si mvivu.

Sasa vifaa. Kabla ya kufungua utapewa orodha, na humo ndani mna msimbo unaowashinda wageni. Daftari hazinunuliwi hivi hivi. Kwenye kona ya jalada kuna neno Lineatur na namba: 1 ni mistari mipana yenye ngazi kwa ajili ya darasa la kwanza, 2 ni nyembamba zaidi kwa darasa la pili, 3 na 4 kadhalika. Orodha ikisema "A5, Lin. 2, roter Umschlag", maana yake ukubwa wa A5, mistari namba 2, na jalada la plastiki jekundu. Rangi nayo ina kazi: mwalimu akisema toeni la bluu, darasa zima hutoa hesabu. Mtoto mwenye majalada tofauti na wenzake hubaki anatazama huku na huku kila kipindi, na lugha yenyewe hana. Peni ya bairo haitakiwi. Watoto huanza na penseli, kisha hupewa peni ya wino wa bluu unaofutika. Begi la shule jipya la darasa la kwanza hufika euro 200 kwa urahisi. Usinunue dukani. Mwezi wa tatu na wa tisa makanisa na shule za chekechea huwa na masoko ya vitu vya watoto vilivyotumika, na begi hilo hilo utalipata kwa sehemu ndogo ya bei.

Siku ya kuanza darasa la kwanza kila mtoto hubeba Schultüte, pembe kubwa ya karatasi iliyojaa peremende, penseli na vijizawadi. Haimo kwenye orodha ya shule kwa sababu kila Mjerumani anaijua. Mtoto asiye nayo siku hiyo ataonekana kwenye picha ya darasa peke yake mikono mitupu. Ulizeni mapema, majirani hufurahi kusaidia kuitengeneza.

Hesabu ndiyo somo ambalo wazazi hutegemea, kwa kudhani namba hazina lugha. Zinayo. Mjerumani hutaja 43 kuanzia mwisho, "tatu na arobaini", kwa hiyo kwenye imla ya namba mtoto wetu huandika 34. Moja huandikwa na mkia mrefu unaopanda, hata hufanana na saba yetu. Saba yao hukatwa katikati. Kugawanya ni nukta mbili, kuzidisha ni nukta moja katikati ya mstari, desimali hutenganishwa kwa mkato na maelfu kwa nukta: 3,5 ni tatu na nusu, 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kugawanya kwa njia ndefu huandikwa kwa ubavu, 156 : 12 = 13, na mabaki hushuka chini yake; mtoto aliyezoea kibanda chetu cha kugawanyia akikitumia atapata jibu sahihi na bado mwalimu ataweka alama ya kuuliza. Na saa ndiyo balaa. "Halb drei" ni nusu kuelekea tatu yao, yaani saa nane na nusu mchana kwetu. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili ana hatua mbili za kubadilisha kichwani kabla hajajibu. Dakika kumi kila jioni na saa ya ukutani, kwa wiki mbili tatu, humaliza tatizo hili. Lisipomalizwa, atachelewa miadi mwaka mzima.

Alama huenda kinyume na zetu: 1 ni bora kabisa, 6 ni sifuri. Hilo huzoeleka haraka. Lisilozoeleka ni kwamba katika masomo mengi karibu nusu ya alama, na wakati mwingine zaidi, hutokana na kuzungumza darasani. Mtoto aliyelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, kuinamisha macho anaposemeshwa, na kungoja aulizwe, kwa mwalimu wa Kijerumani ni mtoto asiyeelewa au asiyependa somo. Ukienda kwenye mazungumzo ya wazazi, ambayo ni dakika kumi hadi kumi na tano tu, mweleze mwalimu jambo hilo kabla hajafungua daftari lake. Kisha nyumbani mfundishe mtoto lengo dogo linalopimika: anyooshe kidole mara mbili kila kipindi, hata kama ni kuomba swali lirudiwe. Tabia ya kwetu asiivue. Ajue tu kwamba darasani kuna taratibu nyingine. Bibi akija kutembea atashangaa, lakini hayo ni ya baadaye.

Fimbo iacheni Tanzania, na tunasema hili bila kuzunguka. Tangu 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na hiyo ni pamoja na kofi moja nyumbani. Mtoto akimwambia mwalimu kwamba jana alichapwa, mwalimu hawezi kunyamaza; suala hufika ofisi ya ustawi wa vijana, na mchungaji hujikuta akijieleza mbele ya watu ambao ndio walimwalika. Mambo mengine ya shule ni madogo lakini yana meno: mtoto akiumwa, taarifa ifike shuleni kabla ya kipindi cha kwanza, kumtoa shule siku mbili kabla ya likizo ili kuwahi tiketi ya bei nafuu ya Kilimanjaro ni kosa la faini, kikao cha wazazi cha jioni kinaanza dakika ile ile iliyotajwa, na mnakalia viti vya watoto.

Kuna pia kuogelea. Watoto wengi wa Ujerumani hujifunza mapema, na shule huwa na masomo ya bwawani, mara nyingi darasa la tatu. Cheti cha kwanza, Seepferdchen, hudai kuruka majini kutoka ukingoni, kuogelea mita 25, na kuokota kitu kwenye maji yanayofika mabegani. Mtoto aliyetoka Njombe au Karagwe pengine hajawahi kuingia bwawani. Mwandikisheni kozi ya watoto mara mkifika, kwa sababu foleni ni ndefu, na asukwe nywele zinazoingia kwenye kofia ya kuogelea.

Sasa uamuzi mkubwa. Mwisho wa darasa la nne (Berlin na Brandenburg ni la sita) watoto hutawanywa: Gymnasium inayoelekea chuo kikuu, Realschule ya kati, Hauptschule inayoelekea ufundi, au shule za pamoja zinazochanganya wote. Bavaria ndiyo kali zaidi: ripoti ya mwanzoni mwa Mei hupiga wastani wa Kijerumani, hesabu na maarifa ya jamii na mazingira, na mtoto anahitaji 2.33 au bora zaidi kuingia Gymnasium, 2.66 kuingia Realschule. Mtoto aliyefika mwaka uliopita hushindanishwa kwa Kijerumani na waliozaliwa nacho. Kuna nafuu kwa waliotoka nje, ila haijiletei yenyewe. Iulizeni kwa mwalimu wa darasa mwezi wa kumi, si wa nne. Kama mkataba ni wa miaka mitatu, msione ni msiba akienda shule ya pamoja. Huko huweza kupanda baadaye, na atarudi nyumbani akiwa na Kijerumani na moyo mzima. Tumeona Gymnasium iliyolazimishwa ikimmaliza mtoto mwenye akili nzuri, kisa tu Kilatini cha darasa la tano au la sita kikifundishwa kwa lugha ambayo naye bado anaijifunza.

Mchungaji mwenyewe ataingia shuleni kama mwalimu mgeni. Katiba ya 1949, ibara ya 7, inafanya dini kuwa somo la kawaida katika shule za serikali karibu kote, na walimu wa dini humwalika mmisionari kwa hamu. Kipindi ni dakika 45. Dakika kumi za kwanza watauliza simba. Anza na picha za Kariakoo na mwendokasi, si za Serengeti, na mazungumzo yataelekea penye maana upesi. Usipige picha za watoto na kuzituma kwenye kundi la usharika nyumbani bila ruhusa ya maandishi ya wazazi. Chakula cha kuonja, hata chapati, kiulizwe kwanza kwa sababu ya mzio. Kwa wanafunzi wa kipaimara, jiandae kwa maswali ya uso kwa uso kama "wewe mwenyewe unaamini hilo?" Tangu sheria ya 1921 kijana wa miaka 14 hujiamulia dini yake, kwa hiyo anayeuliza hivyo si mkaidi, ana uamuzi halisi mkononi.

Aliyeumizwa zaidi na ratiba hii ni mwenzi. Kozi rasmi ya lugha ni vipindi 600, karibu miezi sita hadi saba ukisoma vipindi 20 hadi 25 kwa wiki, na madarasa mengi huwa asubuhi hadi mchana. Shule ya msingi huanza karibu saa mbili asubuhi na inaweza kumwachia mtoto saa tano na nusu. Hapo katikati kuna pengo ambalo lisipozibwa, mama huacha kozi, na mwaka wa pili anakuwa amefungiwa ndani ya nyumba na watoto wanaomtafsiria barua za shule, pamoja na zile zinazowalaumu wao. Haki ya malezi ya mchana kutwa kwa darasa la kwanza inaanza mwaka wa shule wa 2026/27, na madarasa mengine yanafuata moja moja. Kwa madarasa ambayo haki hiyo haijayafikia, nafasi huombwa miezi kabla. Liombeni shirika liandike ombi hilo kabla hamjapanda ndege, sambamba na ombi la nyumba.

Fedha kwa ufupi. Posho ya watoto, Kindergeld, ilikuwa euro 255 kwa mtoto kwa mwezi mwaka 2025. Kuipata kunategemea aina ya kibali, na hurudishwa nyuma miezi sita tu, kwa hiyo msichelewe kuomba. Bima ya afya ya umma humbeba mwenzi asiye na kipato na watoto bila mchango wa ziada. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kaya, itakuja hata kama hamna televisheni. Leseni ya Tanzania hutumika miezi sita. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani, na Kiswahili hakimo kwenye lugha za mtihani. Fungueni madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku, hata kukiwa na theluji, la sivyo ukungu utaota ukutani na gharama itakuwa yenu.

Nyumbani zungumzeni Kiswahili. Kijerumani kibovu cha baba hakimsaidii mtoto, na walimu wenyewe wanasema hivyo. Lakini kuzungumza tu hakutoshi kwa kurudi: mtoto atakayerejea atakuta upimaji wa darasa la nne, mtihani wa kumaliza msingi, upimaji wa kidato cha pili, na insha zake. Aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kila Jumamosi, na asome vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinavyopatikana mtandaoni. Kiingereza nacho hudhoofika Ujerumani, hasa kwa aliyekuwa shule ya Kiingereza.

Kurudi kupangwe kwa mwaka mmoja mbele, ili mtoto asiingie darasa la mtihani ikiwa imebaki miezi mitatu tu. Kusanyeni ripoti zote za muhula, si ya mwisho peke yake, zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa Ujerumani kwenyewe, kwa kuwa nyumbani wanaotafsiri Kijerumani ni wachache. Vyeti vya mitihani ya sekondari hupelekwa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa ulinganisho. Kitabu cha njano cha chanjo kibaki na mtoto. Na jiondoeni ofisi ya wakazi, mapema kabisa wiki moja kabla ya kuondoka. Ile karatasi ya kujiondoa ndiyo inayofunga bima, ada ya redio na mkataba wa simu, ambavyo vinginevyo vitaendelea kukata kwenye akaunti mkiwa mmeshafika Moshi.